Historia Fupi ya Bibi Kidevu

Mwezi uliopita Laizer alimuaga binti yake anayeolewa katika ukumbi mmoja wa Moshono, na mimi nikawekwa meza ya mbele pamoja na wajomba, jambo lililowaudhi wajomba. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi. Nilimkumbuka kijana mwembamba wa gereji ya Elerai, suruali imejaa grisi. Nikamkuta mzee mwenye tumbo, ndani ya suti ya rangi ya damu ya mzee, anapokea wageni kama mbunge. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ilipokwisha kukatwa, mshereheshaji, ambaye vichekesho vilikuwa vimemwishia saa nzima iliyopita, alitangaza kwamba baba wa binti ndiye aliyekuwa sauti ya Bwana Kidevu kwenye katuni ya televisheni. Nusu ya ukumbi ilipiga kelele. Nusu nyingine, waliozaliwa baadaye, waliendelea kutazama simu zao. Laizer akashika kipaza sauti, akavuta shingo ndani ya kola kama zamani, akanguruma, "Mke wangu, nani amekalia mkate wangu?" na watu wazima wenye vyeo na vitambi wakacheka mpaka wakafuta machozi kwa vitambaa vya meza.

Ubishi ulianzia hapo. Mpwa wake Laizer, msichana wa chuo, alisema ameiona sehemu ya mwisho kabisa mtandaoni, na inaisha kimya: bibi anafumba macho kwenye kiti chake, theluji inaanguka dirishani, basi. Mzee mmoja kutoka Kikwe aligonga meza hadi soda zikaruka. "Kimya? Kimya gani? Bibi Kidevu alisomewa historia! Nimeisikia kwa masikio yangu haya, na ilikuwa nzuri kuliko ya marehemu kaka yangu." Msichana akamwonyesha simu. Mzee akakataa kuitazama, akasema hiyo simu ni ya uongo. Mimi niliendelea kula nyama yangu, kwa sababu wote wawili walikuwa wanasema kweli, na mtu wa kulaumiwa alikuwa amekaa hapo hapo kwenye meza ya wajomba.

Mwaka huo wa Bwana Kidevu nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimemaliza kidato cha sita kwa matokeo ambayo mpaka leo sipendi kuyataja mbele ya wanangu. Aliyeniajiri ni Aminieli, Mchaga wa Machame, fundi wa madishi ya televisheni. Alikuwa amepanda karibu kila paa la mji huu hadi siku alipoteleza kwenye moja, na alipokuwa amelala kitandani mguu umefungwa plasta, akitazama katuni kutwa nzima kwa sababu rimoti ilikuwa mbali, ndipo lilipomjia wazo la kuzitia katuni Kiswahili. Aliandikiana barua pepe na wenyewe huko kwenye nchi ya baridi, wakamruhusu achukue katuni yao moja ya vichekesho, iliyokuwa imeonyeshwa kwao muda mrefu kiasi kwamba, kama alivyopenda kusema, walioanza kuitazama wakiwa na chuchu za plastiki mdomoni sasa wanaitazama na watoto wao. Ilihusu familia ya mwoka mikate mwenye kidevu kikubwa, mke wake mwenye akili kuliko yeye, watoto wawili, na mama mzazi wa mwoka mikate huyo, aliyeishi ghorofani na kumtupia viatu kila mleta barua. Tuliiita Familia ya Bwana Kidevu. Ilionyeshwa kila Jumamosi jioni kwenye kituo kimoja cha hapa, na kwa mwaka ule mmoja sijui kama kulikuwa na kitu kilichopendwa kuliko hicho kati ya Elerai na Kikwe.

Studio ilikuwa nyumba ya kupanga Moshono, vyumba vitatu na stoo. Stoo ndimo tulimorekodia. Aminieli alipigilia magodoro ya mtumba ukutani ili kuzuia mwangwi, na kila godoro lilikuwa na ramani za watoto waliolilalia kabla yetu, hivyo ukikaa humo saa nne mfululizo unakuwa umezisoma zote, na wakati wa jua kali unazinusa. Mvua ikigonga mabati tunasimama. Lori la mchanga likipanda kilima tunasimama. Kulikuwa na jogoo wa jirani aliyewika saa yoyote aliyojisikia. Ukitazama kwa makini sehemu ile familia inapopotea kwenye dhoruba ya theluji, utamsikia jogoo huyo akiwika vizuri tu katikati ya barafu. Aminieli alienda kuzungumza na jirani kwa lugha ya kistaarabu mara tatu. Mara ya nne alirudi na jogoo mkononi, amemnunua, na mchana huo tulimla kwa ndizi, tukiwa kimya kwa furaha.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu midomo. Watu wakiniuliza nilianzaje kuandika huwa nawajibu hivyo, nao wanadhani nawatania. Katuni akifungua mdomo mara tano, na wewe una silabi tano, usizidishe, na Kiswahili chetu hakipendi kusema jambo kwa silabi tano. Wenzetu walisema neno moja, mdomo ukafumba, sisi ndio kwanza tuko kwenye "nimekuwa ni..." Niliandika, nikafuta, nikahesabu kwa vidole, nikaandika upya. Ilinibidi nijue ni neno gani ndilo lenye uzito na lipi ni la kupamba tu, na hilo hakuna mwalimu aliyekuwa amenifundisha. Nilikuwa najiona mjinga kabisa miezi ya mwanzo, halafu siku moja nikagundua naipenda kazi ile kiasi cha kuwahi kabla ya kufunguliwa geti.

Wa kwanza tuliyempata wa kumsemea Bibi Kidevu alikuwa mwalimu mstaafu mwenye sauti ya adabu. Alimtupia mleta barua kiatu kama mtu anayemkaribisha chai. Tulikuwa tunamtafuta mwingine siku Mama Sifaeli alipofika getini. Alikuwa mwanamke wa Kimeru wa miaka sabini hivi, mwembamba, amenyooka, aliyekuja kutoka Kikwe kila Jumanne na Ijumaa kuuza maziwa ya mgando Moshono. "Hodi! Ninyi watu wa magodoro!" alifoka. "Maziwa haya yameshaganda, mnataka yawe jiwe ndiyo mfungue?" Aminieli alitoka mbio na hedifoni shingoni, waya unaburuzika nyuma yake.

"Shikamoo mama. Naomba urudie hayo maneno."

"Marahaba. Nirudie kwa nini? Umeshasikia."

"Nataka uje ufoke hivyo ndani, mama. Nitakulipa."

Mama Sifaeli alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ule mguu uliopona vibaya. "Nifoke, halafu unilipe," alisema. "Ninyi Wachaga mna biashara za ajabu."

Hakutaka kutazama kioo cha televisheni. Alisema midomo ya wale watu inampa kizunguzungu. Kwa hiyo tuliweka utaratibu wetu: nilimsomea sentensi mara mbili, akaishika palepale kwani alikuwa ameimba kwaya tangu utoto, kisha nikasimama nyuma yake nikimfinya kiwiko mdomo wa Bibi Kidevu unapofunguka na kumwachia unapofumba. Kiwiko chake kilikuwa na alama mwaka mzima. Mara nyingi aliongeza ya kwake, na nikimwachia kiwiko anaendelea tu. "Mleta barua huyu hana hata salamu," alikuwa akisema. "Anapita kama mwizi. Kiatu kimoja hakimtoshi." Aminieli alikata, akalalamika, halafu akabakiza nusu yake, kwa sababu mjini watu walikuwa wanayarudia hayo aliyoyaongeza kuliko yale niliyoyahesabu mimi. Mchana alitugawia loshoro kutoka kwenye ndoo yake ya plastiki, mahindi laini na maziwa ya mgando, tukala barazani sote wanne kutoka sufuria moja. Laizer, ambaye alitoroka gereji kuja kumsemea Bwana Kidevu na kila siku akirudi huko alidai alienda kununua fyuzi, alikula kwa wawili. Sijawahi kuwa na wenzangu wa kazi niliowapenda vile.

Hapa lazima nieleze jambo la historia, kwa wasiokaa kwetu. Mtu akifa, kabla ya mahubiri na kabla ya jeneza kwenda kaburini, anasimama mtu wa ukoo na karatasi, anasoma historia fupi ya marehemu. Inaitwa fupi kwa heshima tu. Alizaliwa wapi, alibatizwa na nani, kipaimara lini, shule, kazi, vyeo, ugonjwa, hospitali zote kwa mpangilio, na mwisho nani ameachwa. Siku hizi kukiwa na msiba huku kwetu, mara nyingi simu inapigwa kwangu: "Dada Aneth, utuandikie historia." Nimeandika nyingi. Najua kwamba kila marehemu alikuwa mcheshi, mcha Mungu na mpenda watu, hata yule aliyehamisha mpaka wa shamba la jirani kila msimu wa kulima. Naandika, lakini kila ninapoanza namkumbuka Mama Sifaeli na najaribu, angalau kwa mstari mmoja, kusema kweli.

Sehemu ya mwisho ilifika wiki ya kwanza ya Novemba, pamoja na barua pepe ambayo Aminieli aliichapisha na kuibandika juu ya godoro. Wenyewe wa katuni walisema kwamba baada ya miaka yote hiyo wameamua kumaliza, na wanaomba dakika mbili za mwisho zibaki kimya kama zilivyo, katika lugha zote, bila sauti, bila muziki. Aminieli aliisoma kwa sauti ya kanisani. Tukaitazama. Ilikuwa inachekesha mwanzo hadi karibu na mwisho: Bwana Kidevu anafunga duka la mikate, anaoka mkate wa mwisho, mkate unaungua. Usiku unaingia, bibi yuko kwenye kiti chake ghorofani, anauliza swali moja, midomo saba, anafumba macho. Nilitafuta siku mbili nikalipata: "Oveni imezimwa?" Saba kamili. Nilijiona bingwa.

Jumanne tulimweka Mama Sifaeli mbele ya maiki. Nikamsomea.

"Akishauliza hivyo?" alisema.

"Anafumba macho, bibi."

"Analala?"

"Hapana, bibi. Anafariki."

Alifikiri. "Sawa. Hilo ni swali la mwanamke. Mwanaume angeulizia chakula. Halafu mchungaji anasema nini?"

"Hakuna mchungaji, mama," Aminieli alijibu kutoka mlangoni.

"Historia anasoma nani?"

"Hakuna historia. Ni kimya. Theluji inaanguka, majina ya waliotengeneza yanapita, mwisho."

Mama Sifaeli alivua hedifoni, akaziweka juu ya meza polepole. "Miaka yote hii mama wa watu amekaa ghorofani anawachekesha, halafu anaondoka kama kuku? Hata kuku anaulizwa ameenda wapi. Basi mimi sifi."

Tulidhani anatania. Aminieli alimbembeleza kwa nusu saa, akamwonyesha barua ukutani, akamweleza kwamba huyo ni mtu wa kuchorwa. "Mchoro unapiga mtu kiatu?" aliuliza Mama Sifaeli. "Mchoro unasomeshwa Kiswahili na huyu binti mwaka mzima? Nimemsemea mimi huyu. Najua alivyo." Akachukua ndoo yake, akaenda barazani, akakaa. Hakuondoka, alikaa tu, akichambua mboga alizonunua njiani, awe karibu endapo tungepata akili. Aminieli alimwita mama mkwe wake, ambaye alifika amevaa kama anaenda harusini na akauliza "Oveni imezimwa?" kwa sauti ya mtu anayeuliza bei. Alimwita mwimbaji wa kwaya, akaiimba. Laizer alijaribu mwenyewe kubana koo, ikatoka kama breki za lori. Kila alipotoka mtu stoo, Mama Sifaeli alimuaga kwa upole barazani. "Pole, mwanangu," alimwambia yule wa kwaya. "Siyo kosa lako."

Jumatano mchana nilikuwa chumba cha pili, hedifoni masikioni, nasikiliza tulichorekodi. Maiki ya stoo ilikuwa imeachwa wazi. Laizer alikuwa ameingia humo kulala kidogo, kama kawaida yake, na Mama Sifaeli akaja kutafuta kitenge alichosahau. Nilipaswa kuvua hedifoni. Sikuvua.

"Mume wangu tulimzika mwaka juzi," nilimsikia anasema. "Historia aliandika Loti, katibu wa ukoo. Kurasa nne, mwanangu. Kamati zote alizokaa. Safari ya Dodoma. Fahali wake aliyeshinda kwenye maonyesho, fahali alitajwa kwa jina! Mimi nimekaa pale mbele kwenye godoro, nimejifunika kanga, nasubiri. Nikasema labda ukurasa wa pili. Nikasema labda wa tatu. Mwisho kabisa Loti anasoma, 'Marehemu ameacha mjane mmoja na watoto sita.' Mjane mmoja! Miaka arobaini na mbili. Fahali ana jina, mimi ni mmoja."

Halafu Laizer, Mungu amsamehe, akauliza, "Fahali aliitwa nani?"

"Simba."

Wakacheka wote wawili, kicheko kirefu kilichonipasua masikio, na katikati ya kicheko nikasikia cha mama kinabadilika. Alipenga kamasi. "Sasa na huyu wa kwenye barafu naye aende hivyo hivyo, na mimi ndiye mdomo wake? Hapana. Huyu atasomewa. Watu wa Kikwe watakaa, watasikia mwanamke anasomewa historia yake mpaka mwisho, na hakuna atakayekohoa."

Nilivua hedifoni kwa aibu, nikaenda moja kwa moja kwa Aminieli. Nilimwambia tutengeneze nakala mbili: moja ya kimya, ya kuwapelekea wenyewe kama walivyoagiza, na nyingine ya kwetu, ya kuonyesha Jumamosi. Alishtuka kana kwamba nimemwambia tuibe sadaka. Alinikumbusha barua. Akasema wakijua hatapata katuni nyingine. Nikamuuliza watajuaje, wanajua Kiswahili? Akatazama kalenda, akatazama barazani, ambako Mama Sifaeli alikuwa amerudi na sasa anamenya ndizi za kesho, kuonyesha kwamba na kesho atakuwepo.

"Dakika mbili," alisema mwishowe. "Ikizidi sekunde moja naikata, hata kama marehemu hajabatizwa."

Jioni ile nilikaa na Mama Sifaeli barazani, daftari magotini. Nilidhani nitamwandikia Bibi Kidevu kama wanavyoandikwa marehemu wote, mcheshi na mcha Mungu. Alinisikiliza mistari miwili akanyoosha mkono. "Futa. Hivyo ndivyo watu wanavyolala wakati wa historia. Andika ninachosema." Niliuliza jina, maana katika katuni yenyewe hakuwa nalo, alikuwa Bibi tu toka mwanzo hadi mwisho. Alikata ganda la ndizi kabla ya kujibu. "Ndeanasia," alisema. Nilidhani amelitoa hewani. Akaendelea, nami nikakimbizana naye kwa kalamu. Kwamba alipanda migomba yote kwa mikono yake, mume akionyesha kwa fimbo mahali pa kuchimba. Kwamba aliilinda zamu yake ya maji ya mfereji, na aliyejaribu kuiiba alirudi kwake akiwa amelowa. Kwamba alimwogesha mama mkwe wake miaka mitatu bila kumpenda hata siku moja.

"Bibi, hili la mama mkwe huwa hatuandiki."

"Ndiyo maana uandike wewe. Kumwogesha unayempenda, hiyo nayo ni kazi?"

Aminieli, aliyekuwa anasikiliza dirishani, alishindwa kuvumilia. "Lakini mama, huyu bibi anaishi ghorofani, kwenye barafu! Migomba ya wapi? Mfereji wa wapi?"

"Wewe umeonyeshwa alivyozeeka tu," alisema Mama Sifaeli bila kugeuka. "Wakati wa ujana wake ulikuwepo?"

Mkono wangu haukusimama, na nakumbuka niliogopa kidogo, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi sikuwa nahesabu chochote. Alhamisi Laizer alisoma. Inatakiwa asome mtu wa familia, na yeye ndiye aliyekuwa mtoto wake kwenye katuni. Mama Sifaeli alikaa juu ya godoro nyuma yake, amekunja mikono, akimkatisha. "Usikimbie. Hapo kwenye mfereji pumzika, watu wacheke. Hapo kwenye mama mkwe usicheke wewe." Mara sita. Mara ya saba ilitoka dakika moja na sekunde hamsini na tano, na Laizer alikuwa analia waziwazi, grisi imechora mashavuni. Ndipo Mama Sifaeli aliposogea kwenye maiki, akanipa kiwiko, akasema "Oveni imezimwa?" mara moja tu, kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kumsikia nayo. Aminieli alizima mashine.

Wenyewe wa katuni hawakujua kamwe. Studio ilifungwa mwaka uliofuata kwa sababu nyingine kabisa, kituo kilianza kuonyesha mieleka saa ile, na Aminieli akarudi kwenye madishi, safari hii akiwa na ngazi ndefu zaidi. Lakini Jumamosi ile ilikuwa ya kwetu. Mama Sifaeli aliagiza niende kwake Kikwe, nifike mapema, nisile nilikotoka. Sebule yake ilikuwa imejaa: makochi yenye vitambaa vya kushona kwa mkono, kalenda ya usharika, televisheni juu ya meza ndogo nayo imetandikiwa kitambaa, kinamama wa kanisani wanane na masinia mawili ya ndizi za nyama. Kwenye kiti kikubwa, kilichokuwa cha mume wake, alikuwa amemkalisha mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya pama. "Shikamoo," nilimwambia. "Marahaba. Mimi ni Loti," alisema. "Shemeji ameniita nije nione katuni. Sijui kwa nini, mimi huwa sioni katuni." Alimwita shemeji kila alipomsemesha: shemeji chumvi, shemeji asante. Mama Sifaeli alimwongezea nyama.

Walicheka wote. Duka lilipofungwa walicheka, mkate ulipoungua mzee Loti alicheka hadi akavua miwani. Halafu ikaja ile sauti ndogo, "Oveni imezimwa?" na mama mmoja akacheka peke yake, akanyamaza. Macho yakafumba. Theluji ikaanza kuanguka. Sauti ya Laizer ikasema, "Historia fupi ya marehemu. Marehemu Ndeanasia alizaliwa mwaka wa njaa. Tarehe haikuandikwa, kwa sababu aliyejua kuandika alikuwa ameenda kutafuta chakula."

Kinamama waliacha kutafuna. Vichwa vilianza kugeuka, kimoja kimoja, na havikugeukia televisheni. Mzee Loti aligeuza shingo polepole sana. Nami ndipo nilipoelewa lile jina lilitoka wapi, mimi niliyeliandika kwa mkono wangu, niliyekula loshoro yake mwaka mzima na sikuwahi kumuuliza anaitwa nani. Niliona haya hadi masikio yakawaka. Mama Sifaeli hakumtazama mtu. Alikaa wima, mikono mapajani, akisikiliza migomba yake, mfereji wake, mama mkwe wake, watoto sita waliosoma kwa maziwa ya ng'ombe wawili. "Alikuwa mkali," ilisoma sauti. "Hakuwahi kuomba radhi kwa ukali huo, na leo pia haombi. Ameacha mtoto mwenye kidevu, mkwe mwenye subira, wajukuu wawili, na mleta barua." Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekohoa.

Mzee Loti alishika mikono ya kiti, akainuka. Akavua kofia, akaibana kifuani kama tunavyosimama makaburini, akasimama amemwelekea yeye. Kinamama nao wakainuka mmoja baada ya mwingine, na mimi pia, mwisho. Mama Sifaeli alituacha tusimame. Majina ya kigeni yalipita yote kwenye theluji, la kwanza hadi la mwisho, naye anayatazama kwa makini kana kwamba anawafahamu. Kioo kilipokuwa cheusi alivuta sinia karibu.

"Kaa, Loti," alisema. "Bado nipo, na ndizi zinapoa."

Mzee alibaki amesimama kidogo, kofia bado kifuani.

"Asante, Ndeanasia," alisema, akakaa.